Mrejesho: ukuta wa pamoja na redio ya jirani

Wakuu, habari za jioni. Mnakumbuka niliomba ushauri: nyumba tuliyopanga Mbagala inachangia ukuta na ya jirani, na redio yake tulikuwa tunaisikiliza kama iko sebuleni kwetu. Asanteni sana wote mliojibu.

Yule aliyesema tupande darini kwanza, Mungu ambariki. Kweli ukuta uliishia usawa wa jipsamu, juu wazi mpaka kwenye bati, sauti inajipitia tu. Mwenye nyumba akaridhia, fundi akapandisha tofali za inchi 5 hadi juu, akaziba kila upenyo kwa mota na kupiga lipu. Soketi zilizopeana mgongo nazo tukaziba nyuma. Sasa maongezi yao hayasikiki kabisa.

Trei za mayai, zile ambazo watu hubandika ukutani wakidhani zinazuia sauti, sikuweka. Ni nyepesi mno. Zinapunguza mwangwi wa ndani, hazizuii sauti kuvuka ukuta.

Kilichobaki ni besi, hiyo bado inatetemesha ukuta. Tumeongea na jirani vizuri, spika kaisogeza mbali na ukuta na kuiwekea kipande cha godoro chini. Imepungua kiasi, ila Jumamosi usiku bado tunakesha naye.