Mdogo wangu anafunga mpaka siku zake zimekata

DadaMkubwa: Tumsifu Yesu Kristo. Mdogo wangu ana miaka 22. Tangu Kwaresima iishe hajaacha kufunga: jioni maji, na uji nusu kikombe. Juzi nilimshika mkono tukivuka barabara, saa yake ikateleza mpaka karibu na kiwiko. Siku zake hazijaja miezi 3. Nikimsihi ale ananijibu, "Mabikira wa kale waliushinda mwili, wakaacha kuwa wanawake." Mnaojua historia ya Kanisa, ni kweli?

MwalimuMstaafu: Milele, amina. Mwanangu, hayo hakuyatunga. Perpetua, shahidi wa imani aliyeuawa Carthage, Afrika Kaskazini, mwaka 203, aliota amevuliwa nguo akawa mwanamume, akapigana mieleka. Amma (yaani mama wa kiroho) Sarah wa jangwa la Misri alisema kwa maumbile yeye ni mwanamke, lakini si kwa mawazo.

Ila msimulie pia habari za Blaesilla wa Roma. Alifiwa na mume baada ya miezi 7 tu ya ndoa, akaugua homa karibu siku 30, alipoinuka akajitoa kwa sala na kufunga. Jerome ndiye aliyekuwa mlezi wake wa kiroho. Anaandika mwenyewe kwamba binti alipepesuka akitembea, na shingo yake nyembamba ilibeba kwa shida uso uliopauka, Injili mkononi. Akafa mwaka 384. Paula mama yake akazimia mazikoni, na watu wakanong'ona kwamba binti ameuawa na funga. Jerome akamwandikia Paula kumkemea kwa kulia kupita kiasi. Mimi namheshimu, Biblia ya Kilatini ni jasho lake, lakini barua ile inaniuma kila nikiisoma.

Mjoli: Naongezea. Amma Syncletica, naye mfungaji hasa, alifundisha kuwa ipo funga itokayo kwa adui, na dalili yake ni kukosa kiasi. Karne hiyohiyo ya 4, maaskofu walikutana Gangra, mji wa Asia Ndogo (Uturuki ya leo), wakawakataza wanawake kunyoa nywele na kuvaa kiume kwa kisingizio cha utawa.

MamaKliniki: Da mkubwa, miezi 3 bila hedhi na mkono ule, mpeleke akapimwe wiki hii. Na asianze ghafla kula sahani nzima, wamwelekeze hukohuko.

DadaMkubwa: Asanteni. Nimemsomea jana usiku ile ya shingo. Akauliza, "Alikuwa na umri gani?" Nikamwambia 20. Leo uji amemaliza kikombe. Hospitali bado anakataa.