Naomba ushauri: nimealikwa kwenye kesha la kuzima fahamu. Je, nguvu ya uganga hutoka katika hali ile?

MsomajiPangani

Wanajamvi, natumaini nyote mu wazima. Naandika kutoka Pangani, hapa Nairobi, nikiomba ushauri wa waliolisoma jambo hili au walioliona kwa macho yao.

Kwa muda sasa nimekuwa nikihudhuria mikutano ya kikundi cha vijana wanaosoma nadharia za uganga na uchawi. Tulianza na James Frazer, mwanaanthropolojia wa Uskoti, aliyeeleza katika kitabu chake The Golden Bough, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1890, kwamba uchawi umesimama juu ya kanuni mbili: kitu huathiri kile kinachofanana nacho, na vitu vilivyowahi kugusana huendelea kuathiriana hata baada ya kutenganishwa. Hapo sikuona ugumu, maana yeyote aliyeonywa utotoni asiache nywele zake ovyo kwa kinyozi anaijua kanuni ya pili. Baadaye tukahamia kwa Waingereza wa karne ya 20, Austin Osman Spare na, tangu miaka ya 1970, Peter Carroll. Hawa wanafundisha kwamba alama iliyochorwa kwa nia fulani haifanyi kazi mpaka izamishwe akilini wakati fahamu za kawaida zimezimwa, ama kwa utulivu wa kupindukia, ama kwa kuuchemsha mwili mpaka mawazo yakatike.

Sasa kiongozi wetu ametangaza kesha. Tutafunga kula, tutakaa bila usingizi, kisha tutapumua kwa kasi katika chumba chenye giza huku ngoma ikipigwa, na kila mmoja atatia nia yake. Anasema nitakachokiona humo kitanithibitishia kila kitu.

Ninavutiwa kwa dhati, lakini nina maswali mawili. Je, ni kweli kwamba nguvu iko katika hali ile yenyewe? Na je, ni salama kwangu, ikizingatiwa kwamba nilipokuwa mtoto nilikuwa na kifafa, ingawa sijaanguka tena tangu nikue?

MuuguziMstaafu

Ndugu yangu, naanza na swali lako la pili kwa sababu lile la kwanza linaweza kungoja. Usiende.

Nimefanya kazi miaka mingi na wagonjwa wa kifafa na wa akili. Tunapompima mtu umeme wa ubongo ili tujue kama ana kifafa, mara nyingi tunamwagiza alale kidogo sana usiku uliotangulia, au asilale kabisa, kisha tunamwambia apumue kwa nguvu na kwa kasi kwa dakika chache, kwa kuwa mambo hayo mawili huamsha dalili zilizojificha. Sisi tunayafanya akiwa amelala kitandani, mwangalizi yuko kando yake na dawa ziko karibu. Kiongozi wenu ameyakusanya hayo hayo, akaongeza njaa na giza, bila mwangalizi.

Ujue pia kinachotokea mtu mzima wa afya anapopumua hivyo. Kabonidioksidi hupungua katika damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa, kichwa huwa chepesi, midomo hufa ganzi na vidole huchomachoma, hata kukakamaa. Nimewasikia watu wakisimulia dalili hizo kama nguvu iliyowashukia. Siwabezi, kwa kuwa waliyahisi kweli, lakini hatua hiyo ya kwanza ina maelezo yake mwilini, na yeyote anayewaongoza wenzake kuifikia anapaswa kuyajua.

BintiKisauni

Mwanangu, mimi ni mzaliwa wa Kisauni ingawa sasa naishi South C, na katika ukoo wetu wamo waliopungwa pepo. Nakuandikia kwa sababu naona mmechukua ngoma na giza, mkaacha yote yanayoizunguka ngoma.

Kwetu mgonjwa hachezewi ngoma siku anayofika. Mganga hutazamia kwanza, akazungumza na watu wa nyumbani, akajua ni pepo wa kabila gani, maana kila pepo ana nyimbo zake, nguo za rangi yake, manukato yake na chakula anachokitaka kwenye chano. Siku ya ngoma huwapo wapigaji, waitikiaji, na wanawake watu wazima ambao kazi yao ni kumshika yule aliye kiti, yaani aliyepandwa na pepo, asijiumize. Pepo akipanda kichwani anasemeshwa, anaulizwa jina na haja yake, watu wanapatana naye mbele ya mashahidi, kisha anatulizwa na kushushwa. Ninalotaka ulishike ni huko kushusha. Mganga ambaye anajua kupandisha tu, watu wa kwetu hawampelekei mgonjwa wao, kwa kuwa anayepanda asipate wa kumshusha huenda akarudi nyumbani akiwa si mzima.

Basi muulize kiongozi wenu ni nani atakayebaki na akili zake timamu usiku huo, na atafanya nini mtu akikataa kurudi.

MwanafunziWaMila

Nimesomea mila na desturi chuoni, kwa hiyo nijaribu swali la kwanza. Hali hizi zimeenea mno kuliko watu wanavyodhani. Mwanaanthropolojia Erika Bourguignon na wenzake walipochunguza taarifa za jamii 488 duniani, walikuta jamii 437, yaani kama asilimia 90, zina desturi rasmi ya kubadili fahamu. Hata hivyo, yanayoonekana ndani ya hali hizo hutofautiana kulingana na kila jamii inavyotarajia: kwingine roho ya mtu husafiri, kwingine pepo humjia. Na kuhusu ngoma, mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Andrew Neher alidai kwamba mdundo wenyewe huuendesha ubongo, lakini Gilbert Rouget, mtaalamu wa muziki wa jamii mbalimbali, alimjibu mwaka 1980 kwamba kama ingekuwa hivyo, nusu ya Afrika ingekuwa imepagawa kuanzia Januari hadi Desemba. Hapa mtaani kwetu ngoma za makanisa hulia usiku kucha, na jirani asiyehusika hupata usumbufu tu.

Sasa tazama upande wa pili. Uganga mwingi sana haumtaki mtu yeyote apoteze fahamu. Kombe, yaani maandishi ya aya za Kurani kwenye sahani, huandikwa kwa zafarani, likaoshwa na maji yake kunywewa. Hirizi hushonwa na kuvaliwa. Na Waazande, watu wa Afrika ya Kati aliowaeleza mwanaanthropolojia Evans-Pritchard mwaka 1937, waliuliza maswali yao mazito kwa kumpa kuku sumu na kutazama kama atakufa, wote wakiwa macho makavu. Kwa hiyo dai la kwamba bila kuzima fahamu hakuna nguvu ni nadharia ya watu wachache wa Uingereza, wala si kanuni ya uganga wote.

Kuhusu kauli kwamba utakachokiona kitakuthibitishia, mwanasaikolojia wa Marekani William James aliandika mwaka 1902 kwamba hali hizi huja na hisia kali ya kujua, na kwamba zina mamlaka kwa aliyezipata lakini hazimlazimu mtu mwingine kuamini. Mimi ningekwenda mbele zaidi yake: hisia ya yakini ni sehemu ya hali yenyewe, kwa hiyo haiwezi kuwa shahidi wa ukweli wa kilichoonekana.

MwanaKitui

Nakubaliana na wengi, ila nisingependa mleta mada aondoke akidhani ni mambo ya mapafu na damu tu. Nyanya yangu alicheza kilumi, ngoma ya uponyaji ya Wakamba, na nimewaona wanawake waliokuwa wamenyamazishwa nyumbani kwao wakisikilizwa na kijiji kizima pale roho za wahenga zilipozungumza kupitia kwao. Ugonjwa ulipungua kweli. Hali ile ilitibu kwa sababu waliokuwapo walimfahamu mgonjwa na wangeishi naye kesho yake.

MsomajiPangani

Nawashukuru sana, hasa Mama wa Kisauni na Bwana Muuguzi. Je, nikienda kutazama tu, bila kufunga wala kupumua hivyo?

BintiKisauni

Kama wote watapanda na wewe peke yako utakuwa macho, basi wewe ndiwe utakayewashika, na hujafundwa kazi hiyo. Ukimwuliza kiongozi wenu akakosa jibu, baki nyumbani.

MwanafunziWaMila

Kama unataka kuipima nadharia ya Carroll, andika nia yako kwa maneno yasiyo na utata, utie tarehe ya mwisho, umkabidhi rafiki bahasha iliyofungwa, na muifungue pamoja siku hiyo. Waombe wenzako waliokesha wafanye vivyo hivyo, na zilizoshindikana zihesabiwe sawa na zilizofaulu.

MuuguziMstaafu

Na kabla ya hayo yote, nenda kliniki ukaeleze historia yako ya kifafa. Usimwache kiongozi huyo asijue, wala usikubali akikwambia kwamba kifafa ni kipaji.