Slivu, baipasi au sindano: njia ipi inamfaa mtu wa kilo 124?

Mama wa Umoja
Hamjambo, wenzangu. Nina umri wa miaka 43, urefu wa mita 1.62 na uzito wa kilo 124. Ukigawanya kilo hizo kwa mraba wa urefu wangu unapata BMI, yaani kipimo cha uzito kulinganishwa na urefu, ya 47. Nina kisukari cha aina ya pili ninachokitibu kwa metformini, magoti yananilazimu kumeza diklofenaki karibu kila siku, na usiku huwa naamshwa na kiungulia. Mwezi uliopita makanga wa matatu ya kwenda mjini aliniambia mbele ya abiria wote nilipie viti viwili. Nililipa nikanyamaza, lakini nilipofika kazini nilimpigia daktari wangu simu, naye akasema wakati wa kufikiria upasuaji umefika. Dada mmoja wa kanisani kwetu alifanyiwa slivu, ule upasuaji wa kupunguza tumbo, na amependeza sana, kwa hiyo moyo wangu umeelekea huko, ingawa mume wangu anashikilia kwamba sindano za kila wiki za kupunguza uzito zinatosha. Naomba mnilinganishie.

Jirani wa Kasarani
Mama, tuanze na hoja ya mumeo, kwa maana si hoja ya kupuuzwa. Katika jaribio la semaglutidi, mojawapo ya sindano hizo, lililochapishwa mwaka 2021, watu walipungua kwa wastani wa takriban asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Hiyo ndiyo takwimu inayotajwa kila mahali, lakini watu hao hawakuwa na kisukari. Katika jaribio jingine la dawa hiyohiyo kwa wenye kisukari, wastani ulikuwa karibu asilimia 10. Kwako hizo ni kilo 12 hivi, ilhali upasuaji kwa kawaida huondoa asilimia 25 hadi 30, yaani kilo 31 hadi 37. Tirzepatidi, sindano nyingine ya kila wiki, ina nguvu zaidi, ila zote mbili ni kama kodi ya nyumba: ukiacha kulipa, unahama. Walioacha semaglutidi walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja.

Nilipita Huko
Mimi nilifanyiwa slivu mwaka 2021 nikiwa na kilo 131, nikashuka hadi 92, na sasa nimepanda kidogo hadi 97. Daktari wa upasuaji huondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi, na kilichotolewa hakirudishwi. Pamoja nacho huondoka sehemu kubwa inayotengeneza ghrelini, homoni ya njaa, ndiyo maana miezi ya kwanza nilikuwa nasahau kula. Wiki ya kwanza nilikuwa nikinywa supu ya mifupa iliyochujwa kwa kile kikombe cha plastiki cha dawa ya mtoto, mililita 30, nikikaa nacho mezani dakika kumi huku mama mkwe akinitazama kana kwamba nimefungwa jela.

Sijutii hata kidogo. Lakini kabla ya upasuaji sikukijua kiungulia, na leo nameza omeprazoli kila asubuhi. Wewe tayari kinakuamsha usiku.

Muuguzi wa Zamu
Nashukuru mwenzangu amelitaja hilo, kwa sababu mwulizaji amelipitia haraka ilhali, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua. Katika baipasi hutengenezwa kifuko kidogo, mililita 30 hivi, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba; tumbo lililobaki hukaa ndani bila kupokea chakula. Kiungulia mara nyingi hupoa, na kwa wengi sukari huanza kushuka siku chache baada ya upasuaji, hata kabla kilo hazijapungua. Kwa mtu mwenye kisukari na kiungulia, mimi ningeanza kuzungumzia baipasi.

Sasa ubaya wake. Diklofenaki na ibuprofeni baada ya baipasi huleta vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, kwa hiyo magoti yako yatahitaji mpango mwingine kabla ya kisu, si baada yake. Ukinywa soda au kula mandazi yenye sukari nyingi, chakula hukimbilia kwenye utumbo, moyo ukaenda mbio, jasho likatoka na tumbo likaharisha. Vitamini B12, chuma na kalsiamu ni za maisha yako yote; hata aliyefanyiwa slivu hasamehewi virutubishi na vipimo vya damu. Kuhusu hatari ya kifo, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulihesabu takriban watu 3 kwa kila 1,000 katika siku 30 za kwanza. Muulize daktari wako amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, na ni nani atakayepokea simu yako saa nane za usiku ukipata homa na maumivu ya tumbo.

Mzee Kahawa
Na lile puto la kuwekwa tumboni je? Nasikia halihitaji kisu.

Muuguzi wa Zamu
Halihitaji, mzee wangu, lakini lile la kawaida hutolewa baada ya miezi sita, na uzito mwingi hurudi. Kwa BMI ya 47 huwa ni daraja la kumfikisha mtu salama kwenye upasuaji.

Mama wa Umoja
Nimewasikia, na nakiri kwamba diklofenaki nilikuwa naiona kama peremende. Kliniki yangu ni Jumanne. Nitaomba kipimo cha kamera ya tumbo ili kiungulia hiki kichunguzwe kabla sijachagua chochote, na nitauliza magoti yatatibiwaje bila vidonge hivi. Slivu sijaifuta, ila si ya kwanza tena. Mume wangu amesoma majibu yenu yote jana usiku na amekubali kunisindikiza. Amesema tutalipia viti vitatu kabla makanga hajafungua mdomo.