Mutoto ya miaka 11 anapashwa kulala saa ngapi?

mama_panzi
Jambo bazazi, muko aje. Niko na kijana ya miaka 11, eko mwaka ya sita, anasoma avamidi (asubui). Masomo inaanza 7h30 na toka kwetu Panzi, hapa Bukavu, mpaka Nguba anatembea na miguu, basi namuamushaka 5h30 juu anawe, akunywe chai, akamate njia mbele ya mamotari kujaza barabara. Mashida ni usiku. Analala saa ine, saa tano, siku ingine naamuka naenda inje nakuta macho wazi. Asubui ni vita, anavaa soksi moja anasinzia na ingine mu mukono. Baba yake anasema eko mukubwa sasa, aachwe. Mama mukwe anasema saa mbili kila mutoto kitandani, hakuna mazungumuzo. Me saa mbili kwetu hata bugali haiyaiva! Kwenu munafanyaka namna gani?

muganga_bagira
Mama, usianzie ku saa ya kulala, anzia ku saa ya kuamuka halafu uhesabu kwa kurudi nyuma. Mutoto wa miaka 6 mpaka 12 anaomba masaa 9 mpaka 12 ya usingizi kila siku, ni vile waganga wa usingizi wa Marekani waliandika mu 2016, na kuanzia 13 inashuka, masaa 8 mpaka 10. Sasa 5h30 ukitosha 9 unaangukia 20h30, ni kusema saa mbili na nusu usiku. Na iyo ndiyo ya mwisho kabisa, si ile nzuri. Kwa hiyo mama mukwe hayuko mbali na ukweli.
Kitu ingine, karibu na kubalehe saa ya mwili inasogea mbele, usingizi inakuya kuchelewa. Kama anakuambia "mama sina usingizi" pengine hadanganye. Me masomo haisogee, ndiyo shida.

papa_wa_essence
😂😂 siye tulilalaka wakati peterori imeisha mu koroboi. Hakuna aliye hesabu masaa. Na tuko hapa.

mwalimu_wa_sita
@papa_wa_essence peterori ilikuwa inaisha saa mbili papa, kwa hiyo mulilala masaa yenu yote bila kujua 😅
Nafundisha mwaka ya sita, nawaambia gisi naonaka. Wale banalala kuchelewa si lazima basinzie darasani, bengi banakuwa na makelele, banapigana juu ya bike, hesabu ya desimali banakosea hata ile balijua jana. Muzazi anafikiri mutoto amekuwa mukaidi. Na mwaka ya sita kuko ENAFEP, mutihani ya taifa ya kumaliza shule ya musingi, mwisho wa mwaka, bazazi bengine banamukalisha mutoto ku madaftari mpaka saa ine usiku banaona banamusaidia. Minasema hapana. Madevuari (kazi za kufanyia nyumbani) ifanywe mbele ya giza, na huku kwetu giza ni saa kumi na mbili na nusu mwaka muzima, iko rahisi kukumbuka.
Wale banasoma apremidi (nyuma ya saa sita) ni kesi ingine, banaweza lala saa tatu na nusu na kuamuka saa moja, hakuna kitu. Msikamate saa ya jirani.

tantine_kadutu
Swali moja mama_panzi. Iyo mutoto analala wapi?

mama_panzi
Eeeh tantine umegusa. Analala mu saloni, ku matela. Chumba ni mbili, yetu na ya badada yake. Matela tunaitandika wakati bantu bamemaliza televizyo, na baba yake anapenda habari ya Kinshasa, ile ya saa mbili yao huku ni saa tatu. Kama ni mpira ya Ulaya ndiyo kabisa, wakati kule ni baridi mechi ya saa tatu yao siye tunaiona saa ine, mpaka iishe ni karibu saa sita.

tantine_kadutu
Basi mutoto hana kosa hata! Analala mu estade 😂 Utamupa saa gani na kitanda yake bamekalia bageni?
Kwetu ilikuwa vile vile. Tulitosha televizyo mu saloni tukaiweka chumba ya bazazi. Bwana alinuna, shemeji banasema sasa tutaangalilia mpira wapi, nikabaambia kwa jirani eko na ekran kubwa kuliko yetu. Chakula pia. Maharagi nachemusha muchana, batoto banakula saa moja, sahani ya baba nafunika. Najua bengine banasema mutoto hawezi kula mbele ya baba, kwetu pia balisema. Sasa baba anarudi saa mbili na nusu, mutoto amungoje na tumbo tupu halafu alale na tumbo imejaa?
Na angalia umeme!! Ikikatika mangaribi bantu banasahau kuzima swichi, inarudia saa tano usiku, mataa yote inawaka, televizyo inajiwasha yenyewe, kila mutu macho. Zima yote, chomoa. Telefone za chaji ziwe kwako, si pembeni ya matela ya mutoto.

papa_wa_essence
Televizyo mu chumba, hapana. Bazazi ndiyo hawatalala sasa.

mama_nyawera
Na maji? Kwetu robine inatoka maji saa saba za usiku, batoto ndiyo banaamushwa na mabido. Umulalishe saa mbili, umuamushe saa saba, ni kazi bure. Siye tuligawanya, bakubwa banateka usiku, ule wa 11 anabeba za juma mosi muchana tu.

muganga_bagira
Vizuri sana iyo. Naongeza mbili. Juma mosi na siku ya Mungu saa ya kuamuka isipitishe lisaa limoja ao mawili kuliko siku za masomo, juu akilala mpaka saa tano muchana, usiku wa kuamkia juma tatu usingizi haitakuya. Na chai nzito mangaribi hapana, inakaa mu damu masaa mengi. Kama anakoroma kila usiku na mudomo wazi, muonyeshe muganga, pengine ni amidale (vinyama vya ku koo) zimevimba.

mama_panzi
Baba yake amesoma yote. Televizyo ku chumba amekataa kabisa, lakini amekubali mutoto alale kwa chumba ya badada, tukate na rido (pazia) katikati. Na sahani yake ifunikwe, ile haikumuuma. Kuanzia juma tatu 20h15 mu kitanda. Rido nzito napata wapi bei nzuri?

tantine_kadutu
Soko ya Kadutu, kwa bale ba kiwaya (mitumba) banauza mashuka. Tafuta ile pazia nzito ya zamani, si mupya. Pima kwanza urefu toka plafo (dari) mpaka chini, bale ba kushona hawarudishake feza. Inazuia mwanga tu eh, makelele ya badada utapambana nayo weye mwenyewe 😄