Mrejesho: michungwa iliyotoa gundi, Ahero

Mwaka jana niliuliza kwa nini michungwa yangu inatoa utomvu kama gundi chini ya shina, kisha inakauka. Mliosema ni fitofithora, kimelea cha udongoni kinachoozesha shina na mizizi, hamkukosea. Ilikuwa imepandikizwa kwenye mlimau, na mlimau hauhimili ugonjwa huo, sembuse kwenye udongo wetu mweusi unaotuamisha maji.

Nimeng'oa saba. Nikapanda miche ya michungwa iliyopandikizwa kwenye shina la Carrizo, chotara wa mchungwa mtamu na Poncirus trifoliata (mti wa jamii ya michungwa), linalostahimili ugonjwa huo zaidi. Mkinunua, kagueni machipukizi yaliyo chini ya kiungo, pale mche ulipopandikizwa: ikiwa ni Carrizo, kila jani lina vijani vitatu. Muuzaji wa kwanza aliniapia ni Carrizo, kumbe mlimau mtupu!

Miezi minane sasa, gundi hakuna. Ila nilipandisha matuta pia ili maji yasituame, nayo yanastahili sifa.