Treni moja tu ya kuweka rafuni: Silberling ya fedha, ya nanaa au nyekundu?

Mtoto_wa_Tabora

Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wangu wa nne Ujerumani, na ule ugonjwa wa treni niliotoka nao Tabora haujapona, umehamia tu kwenye rafu juu ya kitanda. Wiki mbili zilizopita nilimkuta mzee mmoja kwenye soko la mitumba la Jumapili anauza boksi la mabehewa ya modeli, kipimo cha 1:87. Nikabeba boksi zima bila kufikiri. Kufika nyumbani naona ni mabehewa saba ya aina ileile katika rangi tatu, na kichwa cha treni hakuna hata kimoja.

Aina yenyewe ni ile ambayo Wajerumani waliipa jina la Silberling. Ni behewa la abiria wa safari fupi, lilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1959, na yalitoka zaidi ya 5,000. Ukilitazama utalijua kwa milango: kila ubavu una milango miwili mipana, haiko mwishoni mwa behewa kama tulivyozoea, imesogezwa ndani, hivyo kuna nusu ya behewa katikati na robo kila upande.

Rafu yangu ni sentimita 150. Behewa halisi lina mita 26.4, kwa 1:87 ni kama sentimita 30. Piga hesabu: mabehewa manne na kichwa kimoja, rafu imejaa. Kwa hiyo nachagua treni moja, na ninataka iwe treni ambayo abiria waliwahi kuipanda kweli, isiwe mapambo. Nimefikia hapa:

A: Miaka ya 1970. Mabehewa yote ya fedha, kichwa cha umeme aina ya 141 cha kijani.

B: Mwanzo wa miaka ya 1990. Kichwa cha dizeli aina ya 218, mabehewa ya rangi ya nanaa.

C: Miaka ya 2000. Kila kitu chekundu, kichwa aina ya 143.

Pesa ya kichwa ninayo ya kimoja tu. Nisaidieni.

Bogi_la_Mwisho

A. Wala usijadili na mtu.

Haya, nijieleze. Lile behewa halikupakwa rangi ya fedha, ni chuma kisichoshika kutu kilichoachwa uchi, ili watu wasihangaike kukipaka rangi kila baada ya miaka kadhaa. Chini ya madirisha wakakisugua kwa miduara midogo inayopandana, mistari na mistari. Wenyewe wanaiita macho ya tausi. Umeshaona sufuria ya aluminiamu iliyosuguliwa kwa majivu, ukiigeuza kwenye jua miduara inakimbia? Ndiyo hiyo, sasa itandaze kwenye ubavu wa mita 26.

Halafu 141 ndiyo mwenza wake wa ndoa. Walitengeneza vichwa 451, kasi ya juu kilomita 120 kwa saa, kazi yake kubwa ilikuwa treni hizihizi za kusimama kila kituo. Watu waliipa jina la Knallfrosch, yaani fataki, kwa sababu dereva akipandisha nguvu swichi zake zilikuwa zinalipuka pa! pa! pa! hadi treni ishike mwendo. Aliyelala karibu na stesheni hakuhitaji saa ya kuamsha.

Pwani_Kwa_Pwani

Mkuu Bogi umeandika vizuri ila umemwachia mwenzio mtego. Macho ya tausi kwenye modeli ni shughuli. Watengenezaji wengi wanachapa vile viduara kwa rangi ya kijivu, na ukiweka chini ya taa ya chumbani behewa linafanana na karatasi ya foili ya kufungia kuku. Mtoto wa Tabora, kabla hujaamua, yapige picha ya karibu uyaweke hapa tuyaone.

Jambo jingine, ukienda na A angalia namba ya kichwa. Kabla ya 1968 kilikuwa kinaandikwa E 41. Kuanzia 1968 ndipo namba za kompyuta zilipokuja, kikawa 141, tarakimu tatu za namba yake, kisha kistari na tarakimu moja ya uhakiki. Ukinunua kilichoandikwa E 41 kisha useme treni yako ni ya 1975, wapo watu humu watakuamkia usiku wa manane kukusahihisha. Mimi mmojawao.

Dada_wa_Dodoma

Mbona hakuna D? Mabehewa ya ghorofa! Ujerumani Mashariki walikuwa wanayaunda pale Görlitz tangu mwaka 1952, na baada ya nchi kuungana yakasambaa hadi magharibi na kuwasukuma kando hao Silberling wenu. Tena hayo ndiyo yenye undugu na sisi: yale mabehewa 30 ya ghorofa ya SGR ya Tanzania yametoka Ujerumani. Yaliweza kuja kwa sababu upana wa reli ni uleule, milimita 1,435. Usingeweza kuyaweka kwenye reli yetu ya zamani ya mita moja, wala TAZARA yenye 1,067.

Mimi napanda Dar–Dodoma mara kwa mara. Watu wanagombania mchongoko, ile treni ya umeme inayojiendesha bila kichwa, kwa sababu ya ile pua yake, ila mimi roho yangu iko kwenye treni inayovutwa na kichwa. Unasimama mwisho wa jukwaa, unaona kichwa kinarudi nyuma polepole, kinagusa, *kwaa*, mabehewa yote yanatikisika kidogo. Mchongoko hauna hilo.

Mtoto_wa_Tabora

Dada, nimecheka, lakini boksi halina ghorofa hata moja na mshahara umeshakwisha. Tubaki na hao saba.

Bogi_la_Mwisho

Dada wa Dodoma, hoja ya undugu naikubali. Ila 143 anayoitaja kwenye C nayo ni ya mashariki, imetoka kiwandani Hennigsdorf, zaidi ya vichwa 600. Ilibuniwa kwa ajili ya reli za DDR, yaani Ujerumani Mashariki, ikiitwa 243, ukuta ulipoanguka magharibi wakaona ni bora kuliko walivyotarajia, wakaichukua kwa mkupuo kuvuta Silberling zao. Kichwa cha Mashariki na mabehewa ya Magharibi. Kwa hiyo C nayo ina hadithi, japo rangi yake hainisisimui.

Mzee_wa_Kilindini

Vijana, hamjambo. Nimewasoma kimya kimya tangu jana.

Mnabishana rangi ipi nzuri. Swali la kwanza ni: rangi mmeijuaje? Mimi na ndugu yangu mkubwa tulipanda treni za East African Railways tukiwa watoto, wote wawili tuko hai, wote tuna akili timamu, na hadi leo hatukubaliani mabehewa yalikuwa na weupe kiasi gani. Vichwa hatugombani, maana ushahidi upo. Nendeni Makumbusho ya Reli Nairobi mkaitazame Garratt, kile kichwa kikubwa cha mvuke, namba 5918, Mount Gelai, ilivyo rangi ya damu ya mzee. Lakini hata hapo, rangi ya jumba la makumbusho imepakwa na fundi wa makumbusho. Inakwambia fundi aliamini nini. Picha nazo, filamu za zamani za rangi zinageuka: nyekundu inakwenda kwenye uzambarau, kijani kinakufa. Na treni yenyewe ilikuwa na vumbi la nchi nzima mgongoni.

Kwa Wajerumani mna bahati, rangi zao zina namba za RAL, orodha ya Kijerumani inayoipa kila rangi namba yake. Anzeni hapo.

Pwani_Kwa_Pwani

Shikamoo mzee. Umesema kweli tupu, nami naziweka hapa ili tuache kusema "kijani-kijani":

Nanaa ya mabehewa ni RAL 6033, inakaa kwenye ukanda wa madirisha. Chini yake kuna mstari wa nanaa hafifu zaidi, 6034, na ubavu uliobaki ni kijivu cheupe, 7035. Ilikuwa ni mpango wa nchi nzima: nanaa kwa treni za mikoani, buluu 5023 kwa InterRegio, yaani treni za kati ya mikoa, nyekundu 3031 kwa treni za masafa marefu. Abiria anajua treni yake kabla hajasoma kibao. Mpango mzuri mno, kwa maoni yangu haujapata mrithi.

Nyekundu ya C ni nyingine kabisa, RAL 3020, nyekundu ya trafiki, iliyokuja mwaka 1997. Msizichanganye. 3031 ina uwaridi ndani yake, na ikipigwa jua miaka michache inachuja vibaya. 3020 ni nyekundu ya kopo la rangi, haina siri.

Vichwa vyenyewe: dizeli za zamani zilikuwa damu ya mzee, za umeme kijani au buluu. Mwaka 1974 ikaja buluu ya bahari na rangi ya krimu. Mwaka 1987 ikaja 3031 yenye kipande cheupe usoni, kama bibu ya mtoto anayelishwa uji.

Mtoto_wa_Tabora

Marahaba ya mzee haijaja lakini nami natanguliza shikamoo. Sasa sikieni. Chini ya boksi kulikuwa na picha ya kuchapwa, nyuma imeandikwa kwa kalamu "1985". Inaonyesha 218 nyekundu yenye hiyo bibu nyeupe, behewa la fedha, la nanaa, la fedha, la fedha. Mimi niliichukulia kama ni ajali, nikadhani siku hiyo behewa moja liliharibika wakaazima. Ndiyo maana B yangu niliiandika nanaa tupu.

Mzee_wa_Kilindini

Marahaba mwanangu. Hiyo picha ndiyo mali, boksi ni ziada. Hebu angalia nembo kwenye behewa la nanaa.

Mtoto_wa_Tabora

Herufi DB nene nyeupe, ndani ya mstatili wenye pembe za mviringo.

Pwani_Kwa_Pwani

Basi tumeshaikamata. Bibu nyeupe haipo kabla ya 1987, kwa hiyo 1985 ni ya kumbukumbu ya muuzaji. Na hiyo nembo nene ndiyo ile ya zamani waliyoiita biskuti. Januari 1994 mashirika mawili ya reli, la magharibi na la mashariki, yaliungana kuwa Deutsche Bahn AG na nembo mpya yenye herufi nyembamba ikashika nafasi. Haikubandikwa kote siku moja, lakini picha yako itakuwa ya kati ya hapo, mwisho wa miaka ya 80 hadi mwanzo wa 90.

Kuhusu "ajali", hapana mkuu. Hiyo ndiyo treni yenyewe ilivyokuwa. Fikiria mabehewa elfu kadhaa. Karakana hailifuati behewa lililoko njiani, inasubiri zamu yake ya matengenezo makubwa ifike, ndipo linatoka na rangi mpya. Kwa hiyo kwa miaka mingi fedha na nanaa zilitembea pamoja, baadaye nanaa na nyekundu, na wakati mwingine zote tatu kwenye treni moja. Treni ya rangi moja kutoka mbele hadi nyuma ilikuwa ya kalenda na ya siku mkubwa anazindua kitu. Abiria wa saa kumi na mbili asubuhi alipanda mchanganyiko.

Ukitaka uhakika zaidi, chini ya ubavu wa behewa kuna maandishi madogo: REV na tarehe ya ukaguzi. Kwenye picha nzuri yanasomeka. Hiyo tarehe haina huruma kwa kumbukumbu ya mtu.

Bogi_la_Mwisho

Nimekaa nikafikiri. Naondoa kura yangu kwa A, nahamia B, ila B ya kwenye picha. Miduara ya tausi inapendeza zaidi ikiwa na jirani asiyefanana naye.

Swali: la mwisho kwenye picha ni lenye chumba cha dereva?

Mtoto_wa_Tabora

Sijui kulitambua.

Bogi_la_Mwisho

Tazama ncha yake. Treni hizi kichwa hakizungushwi kikifika mwisho wa safari. Dereva anatembea hadi behewa la mwisho, anakaa kwenye chumba kidogo na kichwa kinasukuma kutoka nyuma. Kwenye yale ya mwanzo waliacha njia ya kupita katikati ya ncha, dereva akabanwa pembeni. Waliliita Hasenkasten, kibanda cha sungura. Ukiona ncha ina mlango katikati na kioo kidogo cha dereva upande mmoja, ndicho hicho.

Mtoto_wa_Tabora

Ninacho! Kipo ndani ya boksi, cha fedha. Nimekuwa nikidhani kimevunjika kioo.

Dada_wa_Dodoma

Mkuu, kabla hujaagiza 218, yapime yote kwa rula. Kuna watengenezaji waliofupisha mabehewa marefu ili yapite kwenye kona kali za reli za mezani. Ukiweka refu na fupi pamoja, hata mtu asiyejua treni ataona kuna kitu hakiko sawa.

Mtoto_wa_Tabora

Dada, Mungu akuzidishie. Nimepima sasa hivi nimepiga magoti sakafuni. Ya fedha matatu, kikiwemo kibanda cha sungura: sentimita 30.3 kila moja. Mekundu mawili: 26.4. Ya nanaa mawili, moja 30.3, jingine 26.4.

Kwa hiyo C imekufa, na nanaa tupu imekufa. Kilichobaki ni matatu ya fedha na moja la nanaa, sawasawa na picha. 218 ina mita 16.4, kwenye modeli ni kama 19. Jumla 140 na kidogo, nabaki na sentimita 9 hivi za rafu.

Pwani_Kwa_Pwani

Hizo 9 weka kipande cha jukwaa na benchi. Na kichwa ukinunua kiwe 3031, muulize muuzaji namba ya rangi, asikwambie tu "nyekundu".

Bogi_la_Mwisho

Yale mafupi matatu unauza bei gani?