Nina bajeti ya kompyuta ya kuhariri video: ninunue sasa au nisubiri prosesa za mwisho wa mwaka? (Tanga)

Mwambao_Picha (mleta uzi)
Assalaam aleikum wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini, Ngamiani, kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi. Natumia laptopu ya Core i7 kizazi cha nane, RAM 16 GB, kadi ya picha GTX 1050 Ti. Imechoka. Nikiweka klipu kwenye Premiere inakwama kila ninapogusa.

Nina milioni tatu na kidogo. Nilikuwa nishajiandaa kwenda Kariakoo, lakini tangu nianze kufuatilia habari za prosesa zinazokuja, nimeshindwa kuamua. Intel walishasema Nova Lake inatoka mwisho wa 2026, na uvumi unataja kori 52 (vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa). AMD wanaandaa Zen 6, uvumi unasema kori 24 kwenye kompyuta za kawaida badala ya 16 za sasa, na kila kori iwe na kasi kuliko ya leo. Nikinunua leo halafu miezi michache mbele ikatoka mashine yenye nguvu maradufu, roho itaniuma. Naomba ushauri wa kweli. Na kama ni kusubiri, kwa makadirio yenu ongezeko litakuwa kiasi gani?

Kiti_cha_Mbele
Ngoja wajuzi waje. Nimeshakaa.

KoriNane
Mkuu, hilo la ongezeko ndilo ninalolipenda, na nitalijibu kwa rekodi maana uvumi hauna mwisho.

Zen 3, Novemba 2020: AMD walisema kazi kwa kila mzunguko wa saa imepanda asilimia 19. Watu wakapima, wakaikuta kweli. Zen 4, 2022: asilimia 13, lakini GHz, yaani kasi ya hiyo mizunguko, nazo zikapanda hadi 5.7, kwa hiyo jumla ikawa kubwa kuliko namba iliyotangazwa. Zen 5, Agosti 2024: waliahidi 16. Kwenye baadhi ya kazi nzito ikaonekana, kwenye magemu wapimaji wengi wakakuta tofauti ndogo mno.

Upande wa Intel, kizazi cha 11, 2021, walitangaza asilimia 19 kwa kila kori. Sawa, ila i9, prosesa yao kubwa, ikashushwa kutoka kori 10 za 10900K hadi 8 za 11900K, na kwenye kazi kadhaa za kori nyingi mpya ikapigwa na ya zamani. Kizazi cha 12, Novemba 2021, ndicho kilichoruka. Cha 14, 2023, kilikuwa karibu kilekile cha 13. Core Ultra 200S, Oktoba 2024, ilipunguza ulaji wa umeme, lakini kwenye magemu ikabaki nyuma ya i9-14900K katika vipimo vingi.

Ndiyo kusema: mwaka mzuri tarajia asilimia 10 hadi 20 kwa kori moja. Maradufu utaiona pale tu kori zikiongezwa mara mbili na programu yako ikajua kuzitumia zote. Mimi Zen 6 naisubiri kwa hamu kweli, sifichi. TSMC, kiwanda cha Taiwani kinachowatengenezea prosesa, wanahamia transista za nanomita 2, na hapo pana nafasi.

Mzee_wa_Chuda
Vijana wangu, mimi nilikuwa na duka la kuchapisha na intaneti kafe hapa mjini enzi za Pentium 4. Mwaka 2004 mazungumzo yote yalikuwa GHz. Wapo waliokuwa wakisema tutafika GHz 10. Nikamwambia mshirika wangu tusinunue, Pentium ya GHz 4 inakuja. Intel wakaishia 3.8, Oktoba mwaka huohuo wakatangaza kwamba ya GHz 4 wameifuta. Joto liliwashinda. Zamani transista ikipungua ukubwa, umeme wake nao ulipungua kwa kiwango kilekile. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000 jambo hilo likakoma, na ndiyo maana mpaka leo GHz zinapanda kwa kunyata.

Halafu 2006 ikaja Core 2 Duo. GHz 2.4 tu, ikaipita Pentium ya 3.8 bila kutoa jasho. Hakuna kati yetu aliyekisia hilo. Kilichokuja hakikuwa kile tulichokisubiri.

Mwambao_Picha
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, lakini umesema mwenyewe kwamba kilichokuja kilikuwa bora. Si ndiyo sababu ya kusubiri?

Mzee_wa_Chuda
Marahaba. Waliosubiri miaka miwili walikuwa na kazi nyingine ya kuwalisha. Wewe unayo?

Boda_Horohoro
Mkuu, mimi ningekwambia vuka Mombasa ukaulize bei. Shemeji yangu alipata mashine nzuri kule. Tatizo ukifika mpakani na risiti haieleweki utasota. Aliwahi kulala Horohoro na friji, hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

BiMkasi_Makorora
Mwanangu Mwambao, mimi ni fundi cherehani, mambo ya kori siyajui sana, mwanangu wa pili ndiye ananisomea. Ila nakuuliza kwa wema. Umesema milioni tatu na kidogo. Hiyo pesa ni yako au umepewa na watu?

Mwambao_Picha
Pesa ipo, mama, hilo lisikutie shaka. Turudi kwenye prosesa tafadhali. KoriNane, kama Nova Lake ina kori 52, Premiere si itazitumia?

KoriNane
Baadhi ya kazi, ndiyo. Si zote. Uvumi wenyewe unasema kati ya hizo 52 kubwa ni 16, nyingine ni ndogo za kubana umeme. Na ipo kanuni ya Amdahl, tangu 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayokuwekea ukomo. Kama robo ya kazi haigawanyiki, hata ukipewa kori elfu moja huwezi kuzidi mara nne.

BiMkasi_Makorora
Hapo nimeelewa bila kusomewa. Nikiwa na mafundi ishirini na gauni la bibi harusi ni moja, wote hawawezi kushona upindo mmoja kwa wakati mmoja. Lakini hujanijibu, mwanangu.

Fundi_Pongwe
Naungana na Bi Mkasi, na mimi naongeza swali. Unapiga kwa kamera gani, mpangilio gani wa video? Bila hilo tunakisia tu. Watu wanaongelea kori, mimi sijui hata faili lako likoje.

Mwambao_Picha
Kamera ni nzuri, 4K. Sidhani kama ni shida ya kamera.

Fundi_Pongwe
Sijasema ni shida ya kamera. Nimeuliza ni ipi.

Mwambao_Picha
Sony A7 IV. XAVC HS (H.265 ya Sony, inabana sana faili), fremu 50 kwa sekunde, biti 10, 4:2:2 (inahifadhi rangi nyingi zaidi). Mpangilio huo ndio unaonipa rangi nzuri kwenye singo, maana taa za ndani huwa chache na bibi harusi amepakwa liwa.

Na Bi Mkasi, kwa heshima yako nakujibu. Pesa ni advansi za harusi. Nyingine ni za harusi zijazo, nyingine za harusi zilizokwisha pigwa kabla ya Ramadhani, hazijahaririwa. Ipo ya Muheza, ipo ya Sahare, na nyingine. Nimewaambia wenyewe kwamba nasubiri mashine mpya ili kazi itoke bora. Wamekubali. Sijala pesa ya mtu. Nikinunua kitu cha haraka sasa hivi nitafungwa nacho miaka mitano, ndiyo maana nataka kuwa na uhakika. Nadhani kusubiri mpaka Nova Lake si jambo baya kwa mtu anayetazama mbali.

Kiti_cha_Mbele
Mpaka mwisho wa mwaka? Mkuu, maharusi wa Muheza watakuja kuangalia DVD wakiwa wamebeba mtoto.

BiMkasi_Makorora
Wamekubali kwa sababu hawana la kufanya. Video ya nikaha hairudiwi. Mimi nikichelewesha gauni, harusi inapita na wewe unabaki na nguo ya watu mkononi. Waliokuamini wana haki yao, na haki hiyo haiwezi kungojea kiwanda cha Taiwani.

Raskazone_Macho
Samahanini nyote. Mimi hapa nanusa chai.

Mtu ana kamera ambayo mwili wake peke yake unazidi bajeti yake ya kompyuta. Anazijua kori za prosesa ambazo hazijatoka, lakini laptopu yake ni ya kizazi cha nane. Akiulizwa kamera anazunguka, akiulizwa pesa anazunguka. Akaunti mpya, ujumbe wa kwanza ni huu. Nadhani ni muuzaji anapima soko: anataka kujua watu wa Tanga wako tayari kulipa kiasi gani, kesho alete tangazo. Wazoefu wa jukwaa mnaijua mbinu hii.

KoriNane
Kusema kweli nami nimeshtuka kidogo. Mleta uzi, kama upo kweli, fungua Task Manager, cheza klipu moja ndani ya Premiere, utuambie prosesa iko asilimia ngapi na kadi ya picha inafanya nini.

Mwambao_Picha
Kuitwa mwongo mbele ya watu kunauma. Kamera ni ya binamu yangu, amekwenda Maskati kikazi, ameniachia niitumie tugawane. Ndiyo maana kamera ni kubwa na laptopu ni ndogo. Sikuona sababu ya kueleza mambo ya ndani ya familia kwa watu nisiowajua.

Nimefanya ulivyosema. Prosesa asilimia 100 kwenye kori zote sita. Kadi ya picha, pale kwenye kufumbua video (kulifungua faili lililobanwa ili picha icheze), ni sifuri. Ile ya ndani ya Intel pia sifuri. Feni inalia. Nikaweka klipu ya zamani ya biti 8, prosesa ikashuka na ile sifuri ikapanda.

Fundi_Pongwe
Basi huyu ni mtu wa kweli, Raskazone. Muuzaji hawezi kubuni hiyo sifuri.

Na jibu lako limo humo humo, Mwambao. Ndani ya prosesa na kadi za picha mna kisehemu maalumu cha kufumbua video, kinafanya kazi hiyo peke yake bila kuzisumbua kori. Kisehemu hicho kwenye laptopu yako, cha Intel na cha GTX vyote viwili, hakiijui H.265 ya 4:2:2. Kwa hiyo kazi yote inaangukia kori, picha 50 za 4K kila sekunde. Mkwamo wako ndio huo. Asilimia za vizazi ni ushabiki mtamu, lakini hazikuhusu sana.

Sasa sikiliza vizuri. Kwenye kompyuta za mezani, grafiki ya ndani ya Intel inaifumbua 4:2:2 hiyo tangu kizazi cha 11. Core i5-12400 ya Januari 2022, kori sita tu, itakuchezea klipu zako kwa utulivu. Usichukue yenye herufi F mwishoni, maana F haina grafiki ya ndani. Ukiweza kupata yenye grafiki ya ndani ya UHD 770, kama i5-12600K, bora zaidi. Ryzen za AMD za 7000 na 9000 ni prosesa nzuri sana, ila kisehemu cha grafiki zake hakiijui 4:2:2 hiyo. Nvidia wameiweka kuanzia kadi za RTX 50, 2025. Kizazi cha 12 pia hakimo kwenye ile kasoro ya volteji iliyowafanya Intel waongeze dhamana ya kizazi cha 13 na 14 mwaka 2024.

KoriNane
Nakubaliana na fundi, na nina moja la kuongeza kuhusu kusubiri. Bei za RAM zilipanda vibaya kuanzia mwisho wa 2025 kwa sababu vituo vya akili unde vinanunua kila kinachotengenezwa. Prosesa mpya zitataka RAM ya DDR5. Kizazi cha 12 kina madabodi zinazotumia DDR4 ya zamani, hata ya mtumba unapata. Lakini usinikatie tamaa na Zen 6, mimi naamini itakuwa kubwa.

Mwambao_Picha
Mnataka nirudi nyuma miaka minne wakati dunia inakwenda mbele. Mashine kubwa bado naitaka, na Nova Lake nitaisubiri, msinibadilishe hapo. Ila hili la sifuri sikulijua. Sasa hizi harusi zilizopo nizifanyeje kwa laptopu hii hii?

Fundi_Pongwe
Proksi, yaani nakala nyepesi za klipu zako za kuhariria. Leo usiku, kabla hata ya kununua chochote. Chagua klipu zote za harusi moja, ziambie Premiere itengeneze proksi za ProRes zenye upana mdogo, uiache ifanye kazi mpaka asubuhi. Kuzitengeneza kutachukua muda kwa sababu inafumbua faili asili, ila hiyo ni mara moja tu. Ukishazipata unakata na kupanga kwa wepesi. Wakati wa kutoa kazi ya mwisho inarudi yenyewe kwenye faili asili, ubora haupotei. Hapo tena iache usiku.

Mwambao_Picha
Proksi zinajaza diski. Yangu ya ndani imebaki na nafasi ndogo.

Fundi_Pongwe
Ziweke kwenye diski ya nje, USB 3, hata ile ya kuzunguka inatosha kwa proksi za kamera moja. Hiyo unaipata hapa hapa mjini. Iweke laptopu juu ya kitu kigumu, usiilaze kitandani, na kabla ya hapo fungua nyuma usafishe feni. Pwani hii vumbi linashikana na unyevu, linakuwa kama bandeji. Ukikwama kwenye mipangilio ya proksi niandikie hapa, usiku nipo macho.

BiMkasi_Makorora
Anza na waliotangulia kulipa.